Unga na Ua, Kazi ya Joëlle

2 mwezi wa tisa, Jumatatu

Daftari hili lina kurasa arobaini na moja ambazo Joëlle hakuziandika. Nimeligeuza juu chini nikaanzia nyuma, ili maneno yangu yaelekee kwenye yake bila kuyakanyaga.

Nani atasoma, sijui. Basi niandike wazi. Mimi ni Marthe, mke wa Évariste anayebeba mizigo kwenye uwanja wa ndege wa Bangboka. Nakaanga mikate, ile midogo ya mviringo, kwenye pembe ya barabara yetu hapa Mangobo, toka asubuhi mpaka unga uishe. Nimesoma mpaka mwaka wa pili wa sekondari kwa masista wa Isangi. Joëlle alikuwa mtoto wetu wa pekee, na alikuwa anamaliza masomo ya Kiingereza chuoni. Tarehe 28 mwezi wa saba homa ilimchukua, homa ya siku nne. Alikuwa na miaka ishirini na tatu. Kazi yake ya kumaliza masomo ilikuwa imekwisha kuandikwa yote. Ilibaki kuitetea tu mbele ya walimu.

Kazi yenyewe imo humu, kwa mkono wake. Inahusu maneno mawili ya Kiingereza. Nimeamua kuisoma yote. Kifaransa changu kinachechemea, lakini sina haraka.

3 mwezi wa tisa

Mvua tangu alfajiri. Nusu ya beseni ilibaki. Tumekula wenyewe.

6 mwezi wa tisa, Ijumaa

Toka kilio kiishe, watu wa mtaa hawaniiti tena Mama Joëlle. Sasa ni Mama Marthe, wote kwa pamoja, kama waliofanya kikao. Najua ni huruma. Lakini huruma nyingine inafuta.

Leo Zaina, mwenye mashine ya kusaga muhogo hapa jirani, alikuja na bakuli lake. "Mama Marthe, nipatie mikate kumi."

"Mama wa nani?"

"Weye."

"Najua ni mimi. Nauliza, mama wa nani?"

Zaina hakosi neno, hata msibani hakukosa. Alitazama mafuta yakichemka, kisha akasema polepole, "Mama Joëlle."

Nikamhesabia kumi na moja.

10 mwezi wa tisa, Jumanne

Sura ya kwanza. Maneno yenyewe ni "flour" na "flower". La kwanza ni unga, la pili ni ua. Joëlle ameandika kwamba ukiyasikia hutayatofautisha. Hata Mwingereza mwenyewe anatambua kwa maneno yanayoyazunguka tu.

Nakumbuka alivyonijaribu hapa kwenye mbabula, jiko letu la makaa, likiwaka, ameshika ule waya wa baiskeli tunaogeuzia mikate. Alisema moja, akasema lingine, akaniuliza lipi ni lipi. Nilipata mara nne mfululizo. Alishangaa sana, akataka kuniandika kwenye kazi yake kama mtu wa ajabu. Sikumwambia siri. Akisema unga, macho yake yalikuwa yanakwenda kwenye beseni.

14 mwezi wa tisa

Umeme wa maporomoko ya Tshopo umekatika, leo siku ya tatu. Mashine ya Zaina haisagi, kwa hiyo Zaina anatusaga sisi kwa maneno.

17 mwezi wa tisa, Jumanne

Sura ya pili, juu ya asili. Kumbe yalikuwa neno moja.

Lilianzia kwa Walatini, likapita kwa Wafaransa, likavuka bahari mpaka kwa Waingereza, na njia yote hiyo lilikuwa jina la ua. Waingereza walipochekecha ngano, ile sehemu laini kuliko zote waliiita ua la unga, yaani iliyo bora. Baadaye wakachoka kusema jina refu, wakabakiza "ua" peke yake. Kwa miaka mia na mia neno hilo moja lilifanya kazi bustanini na jikoni, na kila mtu aliliandika apendavyo. Ni baadaye sana ndipo walipoligawa, huku maandishi haya, huku yale. Leo wengi wao hawajui kwamba hao wawili walitoka tumbo moja.

Pembeni, kwa kalamu nyekundu, ameandika: "Angalia gunia la mama!"

Nilikwenda nikaangalia gunia. Limeandikwa kwa Kifaransa "fleur de farine", ua la unga. Miaka kumi na nane nakata uzi wa magunia hayo kwa kisu, na sijawahi kujiuliza ua linafanya nini pale.

20 mwezi wa tisa, Ijumaa

Nimevaa kitambaa cha kanisani nikaenda chuoni. Nilitaka jambo moja tu, kazi ya Joëlle iwekwe kwenye maktaba yao pamoja na kazi za wenzake, na jina lake juu.

Nilimkuta Carlos, mwalimu msaidizi aliyekuwa akimsimamia. Ni kijana mwenye adabu. Alinitolea kiti, akakifuta kwa leso yake.

"Mama, pole sana kabisa. Joëlle alikuwa mutoto ya akili. Mais mufu hawezi kufanya défense. Sheria iko clair."

"Siombi atetee, mwalimu. Naomba muweke kazi yake kwa bibliothèque."

"Bila jury? Bila cote, hata alama moja? Mama, kazi bila défense iko sawa na mutoto bila batizo." Alicheka kidogo, akaona sicheki, akaacha.

"Na ile yenye alikupatia mwezi wa sita, imeandikwa kwa mashine, iko wapi?"

"Tuliiweka pembeni. Bon, mama, enda kwako upumzike."

Nimekuja kwangu. Sijapumzika. Jibu lilinijia nikiwa nimekwisha vuka barabara, kama kawaida yangu. Hata mtoto asiyebatizwa ana mama.

22 mwezi wa tisa

Misa. Mvua. Évariste alilala mchana kutwa.

28 mwezi wa tisa, Jumamosi

Sura ya tatu ina majedwali, nimeiruka, nitairudia. Nimesoma ya nne. Sikujua kama nimo ndani yake.

Anauliza, je, watu wetu wana jina la kile Waingereza walichokiita ua la unga? Anajibu kwamba wauzaji wengi hawana, wanasema unga mwororo tu. Halafu, ukurasa wa thelathini na moja:

"Mama yangu, Marthe, mkaanga mikate, anaita mtoto wa unga."

Ni kweli. Bibi yangu wa Isangi alikuwa anachekecha unga wa muhogo. Ule mzito unabaki juu, mwembamba unashuka. Lakini kuna mwembamba zaidi, hauanguki, unaelea kama moshi, kisha unatua kwenye nyusi na kwenye vinyweleo vya mkono. Bibi aliukung'uta juu ya bakuli usipotee. Alisema huyu ni mtoto wa unga, anakuja wa mwisho na anakushikilia. Nilimweleza Joëlle siku moja aliponisaidia kuosha mikono. Sikumbuki hata alikuwa na kalamu.

Waingereza waliona ua. Bibi yangu, ambaye hakumwona Mwingereza hata mmoja, aliona mtoto.

3 mwezi wa kumi, Alhamisi

Leo mikate yangu imeungua. Haijawahi kutokea toka nianze kazi hii. Niandike yote kama yalivyokuwa.

Kama saa mbili asubuhi alikuja msichana mwenye daftari kifuani na viatu mkononi kwa ajili ya matope. Alisalimia vizuri.

"Mama, miye naitwa Déborah. Niko na swali ndogo ya kazi yangu ya chuo. Ile unga laini yenye inabakia ku mikono, munaiita namna gani?"

Nilikuwa na waya mkononi. "Wewe unaiita namna gani?"

"Mutoto wa unga." Aliona haya, akacheka. "Niko nauliza bamama bote tangu Jumatatu. Hakuna mwenye anajua. Ku soko bananicheka: mutoto wa unga, na baba yake ni nani, sukari?"

Zaina, aliyekuwa amesimama na bakuli lake, alicheka kweli. Mimi niliuliza ni nani aliyempa neno hilo.

"Iko mu kazi yangu. Assistant Carlos alinipatia sujet, mada yenyewe, na texte ya kuanzia. Ndani banasema muuzaji mumoja wa soko ya Yanonge ndiye alisema vile. Donc nilitaka kuhakikisha mbele ya défense, jury isinipatie haya."

"Na maneno ya Kiingereza ni gani?"

Aliyasema yote mawili. Macho yake hayakuenda popote.

Nilimwambia: "Binti, sikiliza vizuri. Hilo neno halikuzaliwa Yanonge. Lilizaliwa jikoni kwa bibi yangu Isangi. Watu watatu tu wamelisema duniani: bibi, mimi, na mtoto wangu Joëlle. Wawili wamekufa."

Hapo ndipo tulisikia harufu. Kumi na miwili myeusi kabisa. Déborah alinitazama, akatazama mikate, akaondoka haraka, viatu bado mkononi. Zaina hakucheka tena. Alisema, "Mama Joëlle, bameiba." Nikamjibu kwamba nimesikia.

4 mwezi wa kumi, Ijumaa

Nimerudi kwa Carlos na daftari. Safari hii hakufuta kiti.

Niliweka daftari mezani, ukurasa wa thelathini na moja. Alisoma bila kuligusa.

"Mama, hii ni brouillon, maandishi ya kujaribia tu. Brouillon haiko preuve, haishuhudie kitu. Kila mwanafunzi anaandika yenye encadreur, mwenye kumusimamia, anamudictea neno kwa neno."

"Na bibi yangu? Ulimdictea yeye pia?"

Alifunga mlango. Alisema kwamba kazi iliyokufa haina faida kwa mtu, afadhali imsaidie aliye hai. Alisema Déborah ameshindwa mada nyingine mara mbili, huu ni mwaka wake wa mwisho wa kujaribu, nisimharibie maisha msichana mzima kwa ajili ya karatasi. Alisema atamweka Joëlle kwenye ukurasa wa shukrani, mahali pazuri, juu kabisa.

"Mwizi anamshukuru mwenye mali," nikasema.

"Mama, heshima!"

"Heshima ndiyo nimekuja nayo. Iko juu ya meza hapa. Umekataa kuigusa."

Nilichukua daftari nikatoka. Mimi si mtu wa kugombana. Hata wanaokosea kunihesabia pesa nawaacha. Lakini karatasi zile si zangu niziachilie.

7 mwezi wa kumi

Mvua kubwa. Turubai limepasuka.

9 mwezi wa kumi, Jumatano

Tumegombana na Évariste. Nilimweleza wakati anakula, akaweka kijiko chini.

"Marthe, acha. Mufu hasome kitabu."

"Walio hai wanasoma."

"Nani? Wewe na Zaina? Bataenda kusoma Kiingereza ku mashine ya muhogo?"

"Nitasoma mimi. Nimefika sura ya nne."

"Nilimuzika mara moja," akasema. "Unataka nimuzike kila siku." Akaenda kukaa nje, mvua ikimnyeshea miguuni.

Nilimwona mtu asiyemjali mtoto wake. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo nilivyoona leo.

12 mwezi wa kumi

Nimeirudia sura ya tatu. Majedwali hayaumi mtu.

15 mwezi wa kumi, Jumanne

Déborah amerudi, katikati ya mvua, wakati sina mnunuzi hata mmoja. Alijibanza chini ya turubai upande wa pili wa mbabula. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia, na siku kumi na mbili nilikuwa nimeifanya kazi hiyo vizuri.

Alianza kwa ukali. "Mama, miye sikuiba. Assistant alisema ni texte yake ya zamani. Ningejua namna gani?"

"Sasa unajua."

"Na nifanye nini? Tarehe imetoka, iko 23 mwezi wa kumi na moja. Tante Claudine, mwenye ananilea, amesha kualika batu. Mutoto yako, pole sana, mais yeye hana haja na diplôme tena. Mufu haina kazi ya kutafuta."

Nikageuza mikate. Mmoja, wa pili, wa tatu. Kisha nikamwambia aseme tena, taratibu, nimsikie vizuri.

Alianza kulia, si kilio cha kuomba, kilio cha mtu aliyejisikia mwenyewe. Nikaona viatu vyake: ni vile vile, vimeshonwa kwa uzi wa nailoni pembeni, ushonaji wa mtu asiye fundi. Joëlle naye alikuwa anashona vyake hivyo.

Nilimuuliza ameelewa nini ndani ya kazi ile. Akaanza na Walatini, akafika kwa Wafaransa, akakwama. Nikamwonyesha gunia. Alisoma kwa sauti "fleur de farine" akaweka mkono mdomoni. "Yesu! Iko hapa kila siku!" Kwa nusu saa tulizungumza habari ya unga na ua, mimi na yeye, kana kwamba hakuna neno kati yetu. Nilifurahi. Nilijikasirikia kwa kufurahi.

Alipotaka kuondoka, nilimpa masharti yangu. "Sitapiga kelele mbele ya watu wako. Sitakutukana. Lakini siku hiyo nitakaa mstari wa mbele. Wakikuuliza nani alisema mtoto wa unga, na ukijibu kwamba ni muuzaji wa Yanonge na wewe ndiye uliyemuuliza, nitasimama niseme hapana. Neno hilo tu. Halafu nitakaa."

"Mama, utaniua."

"Nitakuwa nimesema hapana."

Nilimfungia mikate miwili kwenye karatasi. Alichukua.

16 mwezi wa kumi

Zaina anasema mimi ni mjinga, anayemlisha nyoka asishangae akiumwa. Nikamwambia nyoka hali mikate. Akasema huyu anakula.

20 mwezi wa kumi, Jumapili

Évariste ameanza kuzungumza mwenyewe, baada ya misa, tukiwa njiani, bila kunitazama.

"Ku Bangboka, mizigo ingine inapoteza étiquette, ile karatasi ya jina. Tunaiweka pembeni, ku ukuta. Batu babili banakuja. Mumoja anapiga kelele: hii yangu! Mwingine anangoja kwa adabu, anasema pengine bataniita. Unajua ni nani anaenda na valise?"

"Najua."

"Miaka kumi na mbili niko naona ile." Tulitembea kidogo. "Tarehe gani ile kitu yako?"

"Ishirini na tatu, mwezi ujao."

"Nitaomba ruhusa."

Nimerudi nyuma nikasoma nilivyomwandika tarehe 9. Sifuti. Nilikosea, na kosa libaki mahali pake.

2 mwezi wa kumi na moja, Jumamosi

Siku ya marehemu wote. Tulifyeka majani kaburini. Mvua za mwezi uliokwisha zimeyapandisha mpaka magotini. Taji la plastiki waliloleta siku ya mazishi limepauka, maua yote yamekuwa rangi moja. Nililiacha. Joëlle angelicheka, angesema linafanana na mikate.

9 mwezi wa kumi na moja

Mvua.

10 mwezi wa kumi na moja

Mvua. Hamira haiumui kwa baridi hii.

14 mwezi wa kumi na moja, Alhamisi

Carlos alituma mtu. Hakuja mwenyewe. Ujumbe: wasiohusika hawataruhusiwa ukumbini. Nikajibu kwamba ukurasa wa thelathini na moja una jina langu, ninahusika kuliko yeye.

19 mwezi wa kumi na moja

Nimejizoeza kusema hapana nikiwa nimesimama. Nikikaa inatoka vizuri. Nikisimama sauti inakimbilia tumboni.

23 mwezi wa kumi na moja, Jumamosi

Kwanza niseme kwamba mvua haikunyesha. Wingu lilikaa juu ya mto siku nzima, jeusi, halikushuka.

Tulikwenda watatu, mimi, Évariste na Zaina. Mlangoni hakuna aliyetuzuia. Évariste alikuwa amevaa sare ya uwanja wa ndege yenye namba kifuani, na mlinzi alimpigia saluti. Tulikaa mstari wa mbele. Nyuma yetu ndugu za Déborah walijaza viti, na Tante Claudine, mwanamke mkubwa mwenye kitenge kipya, alikuwa ameweka makopo manne ya poda miguuni. Hapa kwetu mtu akifaulu mtihani, ndugu wanammwagia poda nyeupe kichwani, usoni, mpaka abaki macho tu, na hanawi. Anatembea hivyo mjini ili watu wote wajue. Wale watu walikuwa hawajui lolote. Walikuja kufurahi.

Walimu walikuwa watatu. Katikati alikaa mkuu wa jopo, Profesa Arthur, mzee anayesoma miwani ikiwa kwenye ncha ya pua. Carlos alikaa mwisho wa meza. Aliniona, akapanga karatasi zake upya.

Déborah alisema vizuri. Lazima niliandike hilo. Alieleza neno moja lilivyokuwa mawili, akaeleza na gunia. Hilo la gunia alilieleza kwa furaha ya kweli, watu wakanong'ona.

Kisha Profesa Arthur akafungua kazi.

"Mademoiselle, sura ya nne. Mutoto wa unga. Miye ni mutu ya Isangi, mama yangu alikuwa anachekecha kila siku, na sijasikia ile neno hata siku moja. Ni jambo zuri sana. Donc nauliza. Huyu muuzaji wa Yanonge, jina yake nani? Ulimuuliza lini?"

Niliweka mikono magotini tayari kusimama. Carlos akasema haraka, "Monsieur le président, majina ya batu bale tunaficha, ni kanuni ya utafiti."

"Sijakuuliza, Assistant."

Déborah alinitazama. Sikutikisa kichwa, sikukunja uso. Nilimwachia nafasi yote.

"Jina yake ni Mama Joëlle," akasema. "Iko hapa mbele. Mais si miye nilimuuliza. Ni mutoto yake alimuuliza. Joëlle. Ni yeye aliandika ile sura. Ni yeye aliandika yote." Akavuta pumzi. "Alikufa mwezi wa saba. Texte nilipewa."

"Na nani?"

Hakumtaja. Alitazama mwisho wa meza tu, na sisi sote tukatazama huko. Carlos alikuwa anakusanya karatasi zake.

Zaina alinifinya mguu mpaka sasa kuna alama. Profesa alimwita Évariste, au aliniita mimi, sijui, tulisimama wote wawili. Nilimpelekea daftari. Alisoma akilamba kidole kila alipogeuza ukurasa, na alipofika kwenye ile kalamu nyekundu kuhusu gunia, alitabasamu. Halafu walitoka nje wakajadili. Waliporudi, Profesa alisema mambo manne. Utetezi umefungwa, hakuna alama. Déborah atapewa mada nyingine na miezi sita, kwa sababu amesema ukweli kabla hajalazimishwa. Na kazi hii itaingia maktaba ya chuo, bila alama, kwa jina la aliyeiandika. Habari ya msimamizi itashughulikiwa mahali pengine. Aliomba nimtajie jina kamili. Nilimtajia yote matatu. Aliandika mbele yangu, kwenye jalada, akakata lile lililokuwepo kwa mstari mmoja ulionyooka.

Sauti haikukimbilia tumboni.

Nje, Tante Claudine alitungoja kwenye ngazi.

"Muchawi! Mutoto yako alikufa, unataka ya siye akufe pia? Unamufuata mutoto ya watu na mikate yako! Miezi sita! Utatulipa miezi sita?"

"Mama, pole," nikasema, na nilikuwa na maana hiyo.

"Pole? Unataka poda? Chukua poda yako!" Akafungua kopo akanimwagia usoni, lote, kisha la pili. Déborah alimshika mkono akilia, "Tante, acha! Tante, miye mwenyewe nilisema!" Évariste alisogea mbele, nikamshika shati. Nilikuwa sioni. Nilikuwa na poda masikioni, mdomoni, ndani ya nguo. Zaina akatoa kitambaa anifute.

Nikasema asinifute.

Tulitoka kwenye lango la chuo, mimi nikiwa nyeupe kuanzia nywele mpaka kifuani. Hatukufika hatua ishirini, mwendesha toleka, baiskeli ya kubeba abiria, akapiga kengele yake. "Félicitations, mama! Félicitations!" Wauza sigara wakapiga makofi. Mwanamke mwenye beseni la samaki akasimama njiani, akalishika kwa mkono mmoja, wa pili akainua juu akapiga vigelegele.

"Ni nani amefaulu, mama?"

Évariste alinitazama. Naona alitaka nieleze, kwamba si hivyo, kwamba tumetukanwa.

"Joëlle," nikasema. "Binti yangu. Kwa Kiingereza."

"Eee! Kiingereza! Mungu asifiwe!"

Walikuja wengine wakauliza nani, nikawaambia Joëlle. Wakauliza kazi ilihusu nini, nikawaambia unga na ua, na mzee mmoja akataka kujua vinahusiana nini, nikasimama pale pale nikamweleza, Walatini, Wafaransa, mpaka gunia. Alisikiliza yote. Poda ilikuwa inanidondokea kwenye kope kila ninapotikisa kichwa.

Wingu lilikuwa linasogea. Tulipofika njia panda, Évariste akageukia kushoto, njia fupi ya kwenda nyumbani, inayopita nyuma ya nyumba za watu.

"Marthe, ni huku. Mvua inakuja."

"Hapana," nikasema. "Leo tunapita sokoni."